Umempa tapeli namba ya NIDA? Anza na *106#
Dada wa Masasi, unasema aliyekupigia alidai malipo yako ya korosho yamekwama, ukampa namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), ila tarakimu sita zilizoingia kwa meseji hukumtajia. Hapo umeokoka. Angezipata hizo, angefungua WhatsApp yako kwenye simu yake na kuanza kuwakopa mashemeji. (Msimu wa minada hawa jamaa hawalali.)

Sasa piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako; ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe. Tapeli akikutumia meseji, ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli. Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili WhatsApp. Namba ya siri isiwe tarehe yako ya kuzaliwa, tafadhali: NIDA uliyompa inaanza na hiyohiyo.