Mkuu, hiyo Misketi usiitunze, ifungue wiki hii

Mkuu ACHA. Nimesoma umeletewa chupa mbili za Bornova Misketi, waini nyeupe drai (isiyo na sukari) toka Izmir, Uturuki, za mzalishaji mdogo, na unataka kuzitunza mpaka anivasari yenu mwaka kesho kutwa "ziive". Ziive ni maembe? Nimeacha hadi kula ili nikujibu.

Mimi nilikuwa Izmir 2021, nafuata magauni ya harusi. Mzigo ukachelewa siku mbili, mwenyeji wangu akanipeleka Urla kwenye mashamba ya zabibu. Mama mmoja, ndo mwenye shamba, akanimiminia hiyo Misketi. Nanusa, naona kama mtu kapita na kikuba cha asumini, halafu waridi, halafu ganda la chungwa, nikajiandaa kwa sukari maana sisi tuliozoea waini tamu za Dodoma harufu ya hivyo lazima iwe sharubati. Naweka mdomoni, kavu kabisa! Hakuna sukari, kuna ukali kama wa ndimu na mwishoni kauchungu kadogo. Kwenye lebo wameandika sek, ndo drai kwa Kituruki. Nilicheka mwenyewe. Nikanunua mbili, kwa hela ambayo mke wangu mpaka leo anajua ilikuwa ya teksi.

Sasa yule mama Kiingereza hana, Kituruki sina, akawa anagonga kidole kwenye mwaka wa lebo anasema "taze, taze". Mwenyeji akaniambia maana yake mbichi, freshi. Mimi nikadhani anajisifia.

Nikarudi Dar. Kuna jamaa, simtaji, alikaa Ulaya miaka minne basi kila kitu cha chupa yeye profesa. Akaniambia "waini ikikaa ndo inapanda thamani, laza chupa, sahau". Nikasahau kweli! Juu ya kabati, chumba cha bati, Tabata, joto la Januari mbili. Nilikuwa nazitunzia sendofu ya mdogo wangu.

Siku yenyewe nimevaa suti, nasimama mbele ya wakwe na hotuba yangu ya asumini na waridi, namimina, rangi imekuwa kama mafuta ya alizeti yaliyokaangia. Nanusa, hakuna asumini wala ndugu yake asumini. Tufaha lililooza na karanga. Nikafungua ya pili nikidhani ya kwanza ina mkosi, ileile. Shangazi akaonja, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, hii siki umeitoa wapi?" Wakwe wakanywa soda. Mimi nikanywa glasi mbili nikitabasamu ili nionekane najua ninachofanya, na usiku tumbo likanijibu.

Nilipomfuata profesa akasema "aah, nilimaanisha nyekundu". Ulimaanisha nyekundu! Si uliishika chupa mkononi, ni ya kijani mpauko na waini inaonekana hadi kwa nje? Laki na nusu yangu, bro.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba zipo zinazokaa, nyekundu nzito na nyeupe chache, ila Misketi ni ukoo wa Muscat, zabibu zinazonukia sana, utamu wake wote uko kwenye harufu, na harufu hiyo inatokana na vitu vinaitwa terpini. Mojawapo, linaloli, ndo hiyohiyo iliyoko kwenye mbegu za giligilani. Unajua giligilani iliyokaa kabatini miaka miwili inanukia nini? Vumbi. Na joto linaharakisha. Ndo maana angalia mwaka wa lebo, ukiwa wa karibuni kunywa sasa hivi, ukiwa na miaka mitatu minne kunywa jana.

Halafu usiigandishe kama bia. Baridi kali inaifunga harufu, utabaki na ukali tu. Mimi sasa naitoa kwenye friji naiacha mezani robo saa hivi, ifike kama nyuzi 8 mpaka 10. Barafu usitie, nakuomba.

Uliuliza pia kama inaenda na pweza. Nadhani inaenda, sijui, mimi zangu zilienda na aibu. Kaangalie lebo kwanza uniambie ni ya mwaka gani, na hizo chupa ziko wapi sasa hivi. Usiniambie juu ya kabati.