Kabla hujalipia hiyo Willys

Kaka, umeuliza utajuaje kama jeep unayouziwa ni Willys MB halisi ya Vita vya Pili, na uanzie wapi kuifufua. Usidanganywe na kibati cha dashibodi, vipya vinauzwa. Chuchumaa mbele uchungulie chini ya rejeta. Chuma kinachounganisha pande mbili za chasisi kikiwa bomba la mviringo, hiyo ni Willys. Kikiwa kama herufi U iliyopinduliwa, ni Ford GPW, pacha wake. Ford walipiga herufi F hata kwenye vichwa vya bolti. Kisha hesabu nafasi za grili: 9 ni ya vita, 7 ni CJ-2A ya kiraia, iliyoanza 1945. Hiyo ya kiraia ina mlango wa nyuma wa kushusha.

Ukikuta injini ya Ford kwenye chasisi ya Willys, usishtuke. Jeshini vipuri vilichanganywa sana. Jadili bei tu. Cha kuogopa ni kutu: gonga chasisi kwa nyundo ndogo, hasa panapofungwa springi, na palipolainika mwachie muuzaji gari lake. Injini yenyewe, silinda 4, lita 2.2, fundi makini ataiweza. Umeme ni volti 6, na mimi ningeuacha hivyohivyo, ila nyaya ziwe nene.

Halafu nakuomba sana, usikwangue boneti kwa mashine. Pitisha msasa wa maji taratibu, tabaka kwa tabaka, kwani namba ya jeshi inaweza kuwa bado ipo chini ya rangi. Ikijitokeza, piga picha kwanza.