Mbwa anaenda mbali baada ya kiunzi kabla ya kukata kona

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Buswelu, Mwanza. Nina mbwa dume wa miaka miwili, Jeki, chotara wa Jamani shepadi na mbwa wetu wa kienyeji. Ajiliti, mchezo wa mbwa kuruka viunzi kwa kasi akiongozwa na mtu, namfundisha mwenyewe uwanjani nyumbani kwa kuangalia video, na viunzi nimetengeneza kwa mabomba ya plastiki. Anaruka vizuri na kasi anayo, shida ni kona. Akivuka ufito wa kiunzi anaenda mbele mita tatu au nne ndipo ageuke. Akitua tu namwambia "kushoto", lakini mara nyingine anakwenda kulia. Nimeanza kumwahi akiwa bado juu, sasa anaangusha ufito kwa miguu ya nyuma. Nimkemee? Pia jirani yangu ana mtoto wa mbwa wa miezi mitano, anaomba tuwafundishe pamoja. Inafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkemee, kosa si lake. Unampa habari ya kona wakati ambao hawezi tena kuitumia.

Kona haikatwi baada ya kiunzi. Inaandaliwa ardhini kabla mbwa hajaruka. Mbwa anayejua mapema kwamba mbele kuna kona hufupisha hatua zake za mwisho, hurudishia uzito miguu ya nyuma, husogea karibu na ufito, kisha huruka akiwa ameshaanza kupinda. Akitua, yuko jirani na nguzo ya pembeni ya kiunzi na kichwa kinatazama anakokwenda. Asiyejua hunyoosha hatua, huondokea mbali na hutua mbali, maana kwa akili yake safari ni ya kwenda mbele. Dereva wa bodaboda anayeteremka mlima wa Bugando hushika breki kabla ya kona, si katikati yake, na Jeki naye anahitaji nafasi hiyo hiyo. Piga hesabu: mbwa anayekimbia mita 5 kwa sekunde, ukichelewa nusu sekunde tu ameshapita mita mbili na nusu. Ongeza muda wa yeye kusikia na kujigeuza, hizo mita zako tatu au nne zimetimia.

Ufito nao unaanguka kwa sababu hiyo hiyo. Anasikia neno akiwa hewani, anajitahidi kutii, anajipinda, kiuno kinashuka na miguu ya nyuma inagonga. Ukimkaripia hapo, atakachojifunza ni kwamba kukusikiliza kunaleta balaa, na kesho utakuwa na mbwa anayeruka huku akikutazama wewe badala ya kutazama ufito.

Kabla hujabadilisha chochote, pima. Sisi tunaofagia uwanja wa udongo kila asubuhi tuna kipimo cha bure. Fagia pande zote mbili za kiunzi, mrushe Jeki mara moja, kisha nenda ukasome nyayo: ameondokea wapi, ametua wapi, na vidole vimeelekea upande gani. Nyayo za kutua zikiwa mbali na zimenyooka, habari ilimfikia kwa kuchelewa. Zikiwa karibu na nguzo lakini bado ameendelea mbele, amri haina tatizo. Hapo angalia unapompa zawadi, au namna mwili wako unavyomvuta. Simu yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa polepole inasaidia, ila mimi naziamini nyayo zaidi, kwa sababu kwenye video kila mtu hujitazama mwenyewe.

Sasa kazi. Viweke viunzi kando kwa muda. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga, simamisha bomba katikati. Hiyo ndiyo nguzo yako, na hata mti wa mwembe unafaa. Simama karibu nayo, Jeki akiwa pembeni yako, umwongoze kwa mkono aizunguke kwa upande mmoja. Mara chache za mwanzo mkono unamwonyesha njia, halafu uuondoe kidogo kidogo mpaka aende mwenyewe. Akifanya sawa mwambie "safi!" pale pale anapopinda, kisha mpe zawadi.

Mahali pa zawadi watu wengi hupapuuza, na kwa maoni yangu ndipo kona nyingi pana huzaliwa. Ukimrushia mpira mbele kila akimaliza kuruka, unamlipa kwa kwenda mbele. Zawadi ya kona itolewe ubavuni mwa nguzo, karibu kabisa, kwenye usawa wa mdomo wake, ili kichwa kigeuke kuifuata na mwili uizunguke nguzo. Mwanza tuna bahati ya dagaa: mdogo, mkavu, ananukia kwa mbali, na mbwa anammaliza mara moja bila kusimama kutafuna. Nunua wale wa kwenye vichanja. Wanaoanikwa chini huja na mchanga, na mchanga si chakula. Waliotiwa chumvi waache. Punguza pia chakula chake cha jioni siku hiyo, maana mbwa aliyeshiba hajali dagaa wako.

Fanya upande mmoja mpaka auzoee bila mkono, ndipo uanze wa pili. Mbwa wengi wana upande wanaoupenda, kwa hiyo usishangae wa pili ukichukua muda mrefu zaidi. Kuchanganya pande mbili katika zoezi moja kuje mwisho kabisa.

Neno linakuja mbwa akishaujua mwendo. Ukimfundisha neno na mwendo kwa pamoja, neno linakuwa kelele tu inayosikika huku yeye akiufuata mkono. Akishakuwa anazunguka kila mara bila kusita, tamka neno kabla tu hajaanza, kisha mwache afanye. Rudia hivyo kwa siku kadhaa.

Kuhusu maneno yenyewe: "kushoto" na "kulia" yote mawili yanaanza kwa "ku", na mbwa anayekimbia hawezi kusubiri silabi ya pili ndipo aamue. Isitoshe "kulia" iko karibu mno na "kula", neno ambalo bila shaka Jeki analijua kuliko jina lake. Ulaya wapo wanaotumia "cik" na "cap", maneno mafupi ya kurudiarudia. Wewe yakate ya kwako: "shoto-shoto-shoto", kwa haraka na kwa mkato, na "liiia", kwa kuvuta. Yatofautiane sauti na mapigo pia, ili hata ukiwa unahema ayatenganishe. Ukipenda Kisukuma, tumia Kisukuma, mbwa hana kamusi. Sharti ni moja: kushoto ni kwake, si kwako. Mkitazamana, mikono yenu imepishana. Jiweke kichwani kana kwamba uko nyuma yake, na ufanye mazoezi ya kuyatamka bila mbwa mpaka ulimi usikusaliti.

Kisha mjaribu. Simama wima, mikono chini, macho mbele, sema neno peke yake. Akikosea, usimwonyeshe kwa mkono palepale. Kukosea huko maana yake ni kwamba alikuwa anausoma mwili wako tangu mwanzo, na wewe ukadhani anasikia. Rudi hatua moja. Mbwa husoma mwili kabla ya sauti, na viwili hivyo vikipingana, mara nyingi mwili ndio unaoshinda. Nadhani hii ndiyo siri ya Jeki kwenda kulia unaposema kushoto: mabega na miguu yako ilikuwa inaelekea kulia.

Hapo rudisha kiunzi, ufito ukiwa umelala chini, na nguzo ya pembeni ichukue nafasi ya ndoo. Akikata kona safi, pandisha hadi sentimita 20, baadaye 30 au 40. Ukipandisha na kona ikapanuka, shusha. Kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, zinawarusha mbwa wakubwa sentimita 55 hadi 60, lakini hayo ni ya mashindano. Kwa kufundisha kona, ufito wa chini unamwachia nafasi ya kufikiria miguu yake.

Amri itoke lini? Macho yake yakishaganda kwenye kiunzi, walau hatua mbili kabla ya kuondoka ardhini, na uendelee kuirudia mpaka uone kichwa kinageuka. Ukisema mapema mno, kabla hajakiona kiunzi, atakikwepa aje kwako. Kwa hiyo kuna mlango mwembamba kati ya mapema na kuchelewa, na utaufahamu kwa kutazama mbwa wako, si video ya mbwa wa mtu mwingine. Mwili nao useme hilo hilo: ukikimbia kwa kasi ile ile kupita kiunzi, unamwambia "twende mbele" hata mdomo useme nini. Punguza mwendo unapokikaribia, elekeza miguu na mabega mnakokwenda, na akishajitoa kuruka, ondoka. Usisimame kumsubiri atue. Mbwa humfuata mtu anayeondoka.

Kona kali huchosha mabega, viwiko na mgongo. Mara tano au sita kila upande, pande zote mbili sawa, inatosha kwa siku. Fanya kabla ya saa 2 asubuhi au jua likishapoa, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema na kasi ya kona humpandisha joto haraka. Okota kokoto kwanza, Mwanza yetu ni ya mawe na ncha moja inatosha kuchana unyayo. Vigae, pevingi na udongo ulioloa masika haufai kabisa, mbwa akiteleza mara moja kwenye kona ataanza kuiogopa. Akichechemea, hata kidogo, simamisha mazoezi umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mtoto wa mbwa wa jirani asiruke. Mifupa yake bado inakua, na kwa mbwa wa umbo kubwa ukuaji huo huendelea mpaka mwaka au mwaka na nusu. Mashindano ya FCI yenyewe hayampokei mbwa aliye chini ya miezi 18. Aje, azunguke ndoo kwa kutembea, ajifunze kusubiri zamu yake na kurudi akiitwa, kwa dakika chache tu. Ila msiwafungulie wote wawili kwa pamoja: mmoja afanye kazi, mwingine afungwe kivulini, la sivyo Jeki atakata kona kumfuata mwenzake na utadhani ameitii amri yako.