Muulize Fundi wa Ndege

SWALI: Mzee, salamu kutoka Arua. Kijana wangu yuko S.5, yaani kidato cha tano, anataka kwenda chuo cha urubani Soroti. Shemeji yangu anamkatisha tamaa: ati ndege za siku hizi zinaendeshwa na akili bandia, na ndiyo iliyoangusha ile ya Ethiopia. Niuze ng'ombe nilipe karo, au ningoje?
— Mama Kijana

JIBU: Mama, shemeji amechanganya mambo. Ile Boeing 737 MAX iliyoua watu 157 Machi 2019, ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, haikuwa na akili bandia. Ilikuwa na programu ya kawaida, MCAS, iliyosikiliza kihisi kimoja tu cha kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo. Kihisi kikadanganya, programu ikaamini, ikawa inainamisha pua tena na tena huku marubani wakiivuta juu. Akili iko wapi hapo?

Chukua A330, zile ndege za abiria za Airbus tunazoziona Entebbe. Kijiti cha rubani hakivuti kebo. Kinapeleka ombi kwa kompyuta, tatu kuu na mbili za kusaidia. Kila kitu kikiwa kizima, rubani akiinua pua kupita kiasi zinamkatalia. Lakini kanuni zake zimeandikwa na watu, na wakaguzi huzipima kabla ya kuzikubali.

Akili bandia yenyewe hujifunza. Wamarekani wa NASA, shirika lao la anga, waliiweka kwenye ndege moja ya kivita, F-15, wakaiigizia hitilafu kana kwamba kipande cha mkia kimekwama, nayo ikajifunza kuisawazisha ndege ikiwa angani. Kazi tamu sana ile! Mwaka 2022 akili bandia nyingine ikarusha X-62A, ambayo ni ndege ya kivita F-16 iliyofanyiwa marekebisho, marubani wakiwa ndani tayari kuichukua.

Kwa ndege ya abiria ndipo penye ugumu. Mimi miaka yangu yote ya karakana nilikuwa sikazi hata skrubu ya bawa bila mtu kutia sahihi. Sasa nani atie sahihi programu ambayo jioni si ile ya asubuhi? Cheti hupewa kitu kinachoweza kuthibitishwa mapema kitafanya nini.

Kwa hiyo uza ng'ombe, mama, ila si wote kwa mara moja. Kwanza aonyeshe alama za hesabu na fizikia S.6. Na aulize Soroti habari za ufundi pia, wanaufundisha. Hizo kompyuta tano zinahitaji wa kuzifungua, na hapo, bila kuficha, naipigia debe kazi yangu.