Kodi zangu za zamani za programu ni vurugu, nizifute?

SWALI: Mambo vipi, nilijifunza PHP, lugha ya kuandikia programu, mwenyewe nikatengeneza programu ya duka la mama, leo nikiifungua kila kitu kipo faili moja, majina niliyovipa vitu humo ni a1, a2, nifute nianze upya?

JIBU: Usifute mdogo wangu! Duka linaitegemea, na humo kuna vitu kama wateja wa mkopo ambavyo ukianza upya utavisahau. Iweke kwanza kwenye Git, programu inayotunza kila toleo la kodi, ile ya Linus Torvalds wa Linux ya 2005, ukiharibu unarudi nyuma. Halafu kabla ya majina angalia pale maneno ya mtumiaji yanapoingia moja kwa moja kwenye amri za SQL, lugha ya kuzungumza na databesi, hapo mtu anaweza kuchota databesi nzima aisee, tumia PDO, njia ya PHP ya kuongea na databesi, amri inaandaliwa kwanza ndo data zinafuata. Majina badilisha taratibu kila unapogusa sehemu.