Kunukuu Masimulizi ya Wazee Weusi: Sarufi Ibaki, Tahajia Isipotoshwe

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayesomea ukutubi nchini Marekani, na nimekabidhiwa kanda za mahojiano ya wazee Weusi wa Alabama. Mwenzangu mmoja anataka sarufi yao isahihishwe. Mwingine anataka kila neno liandikwe kwa namna linavyosikika. Nifuate lipi?

Jibu: Ndugu msomaji, usifuate lolote kati ya hayo mawili. Sarufi ya mzee iache kama alivyoisema, na maneno yake yaandike kwa tahajia ya kawaida.

Mzee akisema "she be working", hajakosea. Anaeleza jambo la mazoea, tofauti na "she working", linaloeleza la sasa hivi. Wewe Mswahili utalielewa upesi kuliko wengi, kwa kuwa la kwanza ni "hufanya kazi" na la pili "anafanya kazi". Ukiyasawazisha yote mawili kuwa "she is working", umeifuta "hu-" ya mzee, na mtafiti atakayesoma baadaye hatajua kuwa ilikuwapo.

Kuhusu tahajia, tazama yaliyotokea kati ya 1936 na 1938, wakati mradi wa serikali ulioitwa Federal Writers' Project ulipokusanya masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliowahi kuwa watumwa, ambayo leo yamo katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Wahojaji wengi walikuwa Wazungu, na mara nyingi waliandika "wuz" mahali pa "was", ilhali Mzungu naye hulitamka neno hilo vivyo hivyo. Tahajia hiyo haikuhifadhi sauti yoyote. Ilimvika msimulizi sura ya mjinga, na jambo hilo linaniuma kila ninaposoma kurasa zile. Mshairi Sterling Brown, aliyesimamia masuala ya Weusi katika mradi huo, aliwaagiza waandishi watangulize ukweli wa misemo kuliko ukweli wa matamshi, na agizo hilo ndilo ninalolitumia mpaka leo.

Usiitegemee programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi: utafiti wa 2020 uliopima programu tano za kampuni kubwa ulikuta wastani wa makosa 35 katika kila maneno 100 kwa wasemaji Weusi, na 19 kwa Wazungu. Sikiliza mwenyewe, kisha usikilize tena pamoja na mtu aliyekulia katika jamii hiyo, maana sikio lako la ugenini litakudanganya. Kicheko na kimya kirefu vionyeshe, kwani mara nyingine ndivyo jibu lenyewe.

Sauti asilia ihifadhi kama faili la WAV (faili la sauti isiyobanwa) la biti 24, yaani kiwango cha juu cha ubora, na katika nakala ya maandishi weka alama za muda ili msomaji aweze kuirudia sauti. Mpelekee mzee nakala aisome kabla haijafunguliwa kwa umma. Akiomba sehemu fulani ifungwe hadi afariki, sharti hilo liandikwe katika taarifa za faili lenyewe, wala lisibaki kwenye daftari lako.