Jibu: Madoa yamefifia, mbona mama bado aitwa hospitalini kwa matibabu ya mwanga?

Dada, usimkatize mamako matibabu hayo ya mwanga. Mimi nina limfoma (saratani ya chembe za kinga) hiyo hiyo ya ngozi kama yake, mikosisi fungoidesi (jina lataja kuvu, lakini si kuvu wala choa). Madoa yakifutika, chembe za saratani zaweza kubaki zimejificha, ndiyo maana mwanga wa urujuanimno hupunguzwa polepole. Mimi nilianza mara 3 kwa wiki, ikawa 1, sasa kila baada ya wiki 2. Na asiambiwe eti akaote jua ufuoni Nyali kwa kuwa ni yale yale; siyo! Hospitalini kipimo huhesabiwa, ufuoni ataungua tu. Akishaoga, ajipake mafuta ya mgando ngozi ingali na majimaji. Joto hili la Mombasa lawasha. Mimi hulala na leso ya pamba. Doa jipya likitokea, alipige picha amwonyeshe daktari.